Siku Tuliikalia Kopeki Kilio

Ninyi wadada wenye munabaki kufagia mu biro, mu ofisi za watu, mulinisumbua niandike, sasa ninaandika. Nilisoma mpaka ya tatu primere tu, basi musitafute hapa maneno ya mwalimu. Nilitumika miaka makumi mbili na sita mu nyumba moja, ile kopeki ya karibu na soko, huku kwetu milimani ya Masisi. Kwa mwenye hajui, kopeki ni nyumba ya kuweka akiba, ndugu mudogo wa benki, na wenye kuweka pesa njo wenye nyumba. Vile walituambia siku ya kuifungua, na watu wakapiga makofi. Ya mushahara sitasema. Ya kupanda cheo pia sitasema, kwa sababu fagio haipande cheo. Inaisha tu, na unafunga ingine.

Siku ya kwanza nilifika na kikwembe mupya, maana nilisikia ni biro. Mama Vumilia, mwenye alikuwa anafanya usafi pale mbele ya mimi kufika, aliniangalia toka kichwa mpaka miguu, akaniuliza kama nilikuja kuolewa ao kufagia. Alinipa kisu ya zamani yenye haikati tena hata sombe, yale majani ya muhogo, akanionesha mulango. Udongo ya Masisi wakati wa mvua inashika kama ndugu mwenye anataka kukopa: ukiisukuma na fagio unaieneza tu. Unangoja ikauke kidogo, unaikwangua na kisu, njo unapiga maji. Muchana mikono yangu ilikuwa na malengelenge. Mama Vumilia aliiangalia akasema ni vizuri, sasa nimetia sahihi.

Ni yeye alinifundisha kama mbele ya kufagia unanyunyiza maji na vidole, kidogo kidogo, kusudi vumbi isirukie karatasi. Ukimwaga mingi unapika matope. Chini panapakwa sira nyekundu kila siku ya posho, ile Jumamosi, na unaisugua na brosi yenye iko chini ya muguu, kama muntu mwenye anacheza peke yake bila muziki. Na karatasi yenye ulikuta chini hauitupe, hata kama imekunjwa-kunjwa. Unaiweka juu ya meza.

«Takataka ya biro iko na mwenyewe,» Mama Vumilia alisema. «Siku atakayoitafuta, ataanza na wewe.»

Alipozeeka aliniachia ile kisu na ndoo moja yenye kutoboka. Ndoo niliziba na sabuni ya kipande. Inazibika vizuri, mujaribu.

Kesi ngumu zilikuwa mingi. Wamama wa Shasha, wenye kuuza samaki ya ziwa, walileta pesa yenye kunuka samaki, na paka za soko ziliwafuata mpaka ku gishe, pale watu wanapokelea na kutolea pesa. Wa kufukuza paka alikuwa ni mimi. Kuna muntu alileta kuku, akataka tumuwekee mpaka siku ya soko, kwa kuwa kuku ni akiba pia. Hakukosea, lakini kuku haijui mahali pa kujisaidia, na pale pia ilikuwa ni kazi yangu.

Mwenye alinisumbua kupita wote ni Papa Lubula. Alitoka Walikale, upande wa pori, mulimaji na muwindaji, mukristo mwenye hakuacha desturi za babu zake hata moja. Kila mwaka alitembea siku tatu na miguu, si kwa kuweka pesa, si kwa kuitosha, ni kusema kuitoa. Alikuja kuona. Anasimama ku gishe, anasema: munioneshe pesa yangu. Kesie, mwenye kushika pesa, alikuwa anakamata noti yoyote mu sanduku na kumuonesha. Papa Lubula anaangalia, anaitika, anarudia Walikale. Na kila mara ananiachia nyayo ya matope toka mulango mpaka gishe. Mwaka moja nilishindwa, nikamwambia kwa ukali kama ile haiko noti yake, noti zote ziko sawasawa, abaki kwake.

«Ninajua, Mama,» alinijibu. «Mimi ninaangaliaka uso ya mwenye kunionesha.»

Siku ile niliona kama kati yetu wawili, mimi njo nilikuwa sijasoma.

Sasa nifike ku krizi, maana ni hiyo munataka. Neno lenyewe nililisikia ku radio. Walisema kopeki na mabenki zimeingia mu krizi, wakaleta bwana moja wa kueleza, na alipomaliza kueleza hakuna mwenye alijua kitu. Lakini sisi wa usafi tunaona ugonjwa ya nyumba mbele ya munganga. Kwanza kapu ya takataka ilianza kubaki wazi, bila kitu ndani. Mu biro yenye kutumika, kapu inajaa. Ikiwa wazi, jueni hakuna tena mwenye anaandika. Nyuma ya pale chai ya mukubwa wa kopeki, tulimwita Jeran, ilianza kubaki nusu mu kikombe. Gari yake ilikwenda ku garaji na haikupona. Kesie alikuwa anapanguza jasho ya mikono ku ridoo, ile pazia yangu ya dirisha, yenye nilikuwa nimepiga pasi. Mwisho Jeran aliniambia anaenda Goma ku seminere ya siku mbili. Alitoka na valizi kubwa na picha ya arusi yake yenye ilikuwa imetundikwa ku ukuta. Ku seminere ya siku mbili muntu habebe picha ya ukuta. Nilichomoa musumari nikaziba tundu.

Siku ya kwanza ya juma lenye lilifuata, nilikuta karatasi ku mulango: nyumba imefungwa kwa muda. Mimi hakuna mwenye alinifunga, basi nilifungua na ufunguo yangu, nikafagia. Sanduku kubwa ya chuma ilikuwa wazi kama kinywa ya muntu mwenye amelala. Nilipanguza na ndani, kwa mara ya kwanza mu ile miaka yote, kwa sababu zamani walikuwa wananikataza.

Ile juma radio ilisema Serikali haitaacha raia wake: imetenga pesa mingi kwa kuokoa kopeki na mabenki. Jirani zangu walifurahi sana. Mimi nilisikiliza na fagio mu mukono, nikajiuliza: wanaenda kuokoa nyumba ao wenye waliweka? Kwa sababu nyumba haikuwa na shida yoyote, ilikuwa pale, ninaipanguza.

Kwetu watu wanaweka pesa nyuma ya mavuno, wanaitosha mbele ya mvua ya mwezi wa tisa kwa kununua mbegu ya birayi, ile viazi ya kizungu. Mama Sifa, jirani yangu, mujane, alikuwa anakodi kipande ya shamba mu konsesio, ni kusema mu shamba kubwa ya tajiri mwenye ngombe. Sharti ilikuwa moja: mvua ya kwanza ikikuta kipande haina mbegu, ngombe zinaingia, na hautaipata tena. Mama Sifa alikuwa analima pale toka bwana wake angali muzima. Pesa yake ya mbegu, yote, ilikuwa mu kopeki. Na yangu ilikuwamo, lakini mimi nilikuwa na kashamba ka baba yangu nyuma ya nyumba, kenye hakuna mwenye atanitosha. Yeye alikuwa na ile kipande tu. Mwezi wa nane ulikuwa umekwisha nusu, na asubuhi mawingu ilianza kukaa juu ya milima na kukataa kuondoka.

Siku ya kwanza watu walikuja kupiga kelele. Siku ya pili walitupa mawe. Nilitoka nje nikawauliza wanampiga nani. Jeran iko Goma, vioo njo viko hapa, na wa kuokota vipande ni mimi. Papa Mashauri, muchuuzi wa soko, mwenye aliweka mingi kupita wote, alikuwa na jiwe mu mukono akiwa amevaa kostime, ile suti. Nilimwambia: «Papa, weka chini, utachafua shati.» Akaweka chini.

Siku ya tatu Papa Lubula alifika toka Walikale, kuona pesa yake kama kila mwaka. Wakamueleza. Hakupiga kelele. Aliniomba nimuoneshe mahali kuni zinapatikana, akaenda, akarudi na kigogo kikubwa ku bega, akakilaza mbele ya mulango wa kopeki, akawasha moto, akakaa chini. Watu wakamuuliza anafanya nini.

«Kwetu,» akasema, «muntu mwenye alishika kitu yako akifunga macho, hautupe mawe ku nyumba yake. Unakaa kilio. Jamaa yake itakuja. Hakuna jamaa inaweza kuacha watu ku kilio bila kuja kusema neno.»

Kwetu pia ni vile, na hakuna mwenye alikuwa amefikiri. Mbele ya saa sita wamama walikuwa wameleta mikeka. Mama Sifa alifunga kikwembe ku kiuno kama mufiwa. Mwingine alileta maharagi, mwingine sombe, na wanaume wakaleta kasiksi, ile pombe ya ndizi, kwa kuwa wanaume hawasahau ile. Ku kiingilio tuliweka beseni yenye kufunikwa na kitambaa nyeupe, vile inawekwaka ku kilio yoyote, kwa mwenye anapita atie kitu ya kusaidia wafiwa. Ikabaki kutafuta muntu wa nyumba, kwa sababu kilio haiwezi kukosa mwenyewe. Jeran alikimbia, kesie alikimbia, mulinzi alikimbia na bunduki ya kopeki.

«Mama, wewe njo wa nyumba,» wakaniambia.

Nikajibu kama mimi niko wa fagio.

«Na fagio iko ya nani?»

Pale nikawa mwenye kilio. Kama walinipa, niliifanya kama kazi. Nilitosha mabanki, vile viti virefu vya gishe, nikawakalisha wazee. Kasiksi niliifungia mu biro ya Jeran, inatoka magaribi tu. Mwenye anataka kutukana Serikali atukane kwa sauti ya chini, kwa sababu ku kilio hawatukane. Na choo inapanguzwa na kila muntu zamu yake, hata Papa Mashauri na kostime yake. Nitasema kweli: ile nyumba haijawahi kuwa safi vile. Wenye nyumba walikuwa wamefika kwa mara ya kwanza.

Siku ya tano delegasio ya Serikali ilikuja. Magari mawili, yenye matope mpaka ku vioo. Tulikuwa tunaambiwa inakuja kufungua kopeki na kusoma karatasi ya kuiokoa, na muntu wa radio alikuwa pamoja nao. Mukubwa wao sitamutaja jina. Tulimwita Papa Mukubwa, kama vile kila mukubwa anaitwa. Lakini watu wa ziwa walimujua, mama yake alikuwa wa upande wa Kirotshe, na alimulea vizuri. Ile malezi njo ilimuangusha.

Kwa sababu alifungua mulango ya gari na karatasi yake mu mukono, akakanyaga chini, akaona. Moto. Mikeka. Wamama wenye kufunga viuno. Hakuna hata mumoja mwenye alisimama. Niliona mukono yake inatosha kofia, kisha inaingia mu mufuko, yenyewe, bila kumuuliza. Akakuja pole pole, akainama ku beseni, akainua kitambaa, akatia dolari. Hakutia kidogo. Mukubwa akitia, wenye kumufuata wanabaki vipi? Kontabule yao, mwenye kuhesabu pesa, akatia. Protokole, mwenye kumufungulia njia, akatia. Muntu wa radio alitafuta mu mifuko yote akatia. Hata dereva walizima magari wakakuja kutia. Wakatushika mikono wote, moja moja: poleni, poleni, poleni.

Nyuma ya ile Papa Mukubwa akasimama, akafungua karatasi, akaanza kusoma kama Serikali, kwa upendo yake kwa raia, imekuja kuokoa kopeki. Nilingoja amalize mustari ya kwanza, nikasimama.

«Papa, asante kwa pole yako. Uliona kilio, ukatia mu beseni. Sasa mbele ya kuzika, sisi tunaulizaka jamaa: marehemu alikuwa na deni ya nani? Na mwenye kukamata mali ya marehemu njo anakamata deni yake. Kati yenu ni nani anakamata hii nyumba?»

Aliangalia beseni, aliangalia karatasi. Niliona anaanza kufahamu kitu yenye mukono yake ilifanya.

«Mama,» akasema, «kopeki haikufa. Inagonjwa tu. Serikali inaleta dawa.»

Papa Lubula hakusimama. Alisemea pale pale chini, anasukuma kuni mu moto. «Hiyo dawa inapita mu kinywa ya mugonjwa, ao mu kinywa ya munganga?»

Watu walicheka, lakini kwa kukohoa, vile inafaa ku kilio. Papa Mukubwa pia alitaka kucheka, nilimuona. Akaeleza kama kuna utaratibu: pesa itapita kwanza ku biro kuu, biro kuu itafanya lisiti ya majina, lisiti itakwenda Kinshasa, itarudi, na wenye kuweka watalipwa mu muda yenye kufaa.

«Mvua inajua?» Mama Sifa akauliza.

«Mvua gani, Mama?»

«Ya mwezi wa tisa. Iko na lisiti yake pia.»

Kontabule alikuja kunong'ona ku sikio yake, lakini ni muntu mwenye hakujua kunong'ona, tukasikia: pesa yenye walitia mu beseni ilikuwa ya misio, ile safari yao ya kazi, ya chakula na malazi na mafuta ya kurudia, na inaomba risiti. Wote wawili wakaangalia beseni. Sisi wote tukaangalia beseni. Kitambaa nyeupe ilikuwa pale, na kati yao na ile kitambaa hapakuwa hata hatua tatu. Ninawaambia, wadada: Serikali iko na jeshi, iko na jela, lakini sijaona muntu mwenye alizaliwa na mama mwenye anaweza kutosha pesa mu beseni ya kilio, watu wanamuangalia. Papa Mukubwa akavaa kofia yake. Wakarudi ile ile siku, na nilisikia walilala njaa mu njia.

Walipoondoka vita ikaanza, kwa sababu pesa ilikuwa imeonekana. Papa Mashauri alisema mwenye alipoteza mingi apate mingi. Njo haki, hata mu Ulaya wanafanya vile. Wenye waliweka kidogo wakanyamaza, kama kawaida yao. Mama Sifa alikuwa mu wale. Wakanigeukia, maana mimi njo nilikuwa mwenye kilio.

Nilimwambia Papa Mashauri: «Ku kilio bugali haigawiwe kwa kuangalia nani alilia sana. Kila mukeka inapata sahani moja. Wewe ulikalia mikeka ngapi?»

«Moja,» akasema.

«Basi.»

Hakufurahi. Lakini ni yeye alijua bei ya mbegu kule juu, na ni yeye alikwenda kubishana na wenye kuiuza mpaka wakapunguza. Alivyobishana nao, hata mimi niliwahurumia. Chukudu, zile baisikeli za mbao, zikateremusha magunia ya birayi, na pale mbele ya mulango ya kopeki, na ile ile beseni, niligawia kila mukeka. Ile njo ilikuwa siku moja tu, mu miaka makumi mbili na sita, nilisimama upande ya gishe yenye kutoa.

Mama Sifa hatukungoja abebe peke yake. Tulikwenda wamama sita. Tulikuta muchungaji wa konsesio ametosha miti miwili ya lupango, ule uzio, na ngombe zake zimepanga kichwa mu nafasi ile kama watu ku gishe. Alisema mvua ya kwanza ilipiga jana, sharti imekwisha. Mama Sifa alisema ile ilipiga upande wa kanisa, haikuvuka muto. Muchungaji alisema alilowa. Mama Sifa akamuambia alilowa na umande, kijana mwenye kulala kuchelewa hajui umande. Wakaenda wote wawili kuita mukubwa wa konsesio aje ahukumu. Ule muzee alikuja, akainama, akakamata udongo, akaufinya, akaunusa. Alipoinua kichwa sisi watano wenye tulibaki tulikuwa tumepanda mpaka mustari ya mwisho, na hakuna mulimaji wala mufugaji mwenye anaweza kusema shamba haina mbegu akiwa amesimama juu yake. Akaambia muchungaji arudishe miti. Mvua, ya kweli, ilifika nyuma ya siku mbili.

Na kuokoa ya Serikali ilifika, musiseme nina ubaya. Ilifika mwaka wenye ulifuata. Walipaka nyumba rangi ya bluu, wakaleta viti vyenye kuzunguka, jeneratere, na kibao kipya chenye jina jipya. Nilipanguza kila kitu kwa siku ya kufungua. Jeran mupya alikata kamba na makasi, na muntu wa radio alisema kopeki imeokoka. Nilikaribia gishe nikauliza ya wenye kuweka. Wakaniambia dosie yetu, ile faili, inasomwa. Sijui ni dosie ya namna gani yenye kusomwa vile bila kuisha. Biblia wanaimaliza mu mwaka moja.

Tulipata na barua. Iliomba watu wa kilio watoe risiti ya pesa ya misio yenye walipokea. Jeran mupya aliniita, kwa kuwa jina langu lilikuwamo: «mufagiaji, mwenye kuongoza». Hiyo njo cheo pekee nilipata. Niliomba karatasi, nikajibu na mukono yangu, pole pole: «Pesa ya kilio haina risiti. Inarudishwa siku mwenye kuitoa atafiwa. Mungoje.» Jeran aliisoma mara mbili, akaniuliza kama nina hakika. Nikamuambia aipeleke vile iko, na kama kuna kosa ya kuandika, aiache.

Nyuma ya miezi tatu wakaona nimezeeka. Wakanipa kalendari yenye picha ya nyumba, wakanishika mukono. Nilimuachia mwenye alinifuata kisu ya Mama Vumilia, na nikamuonesha dirisha yenye inavuja. Nilikwenda nyumbani saa nane ya muchana, na nilikosa mahali pa kuweka mikono.

Haikupita siku mingi, habari ikatufikia toka ziwa kama mama wa Papa Mukubwa amefariki. Sikuita mukutano. Nilipita tu ku milango. Kila mukeka ikatoa birayi ya mavuno yake. Wengine walitoa ndogo-ndogo, nikawarudisha ndani watafute zingine. Mama Sifa alitoa kapu yenye kujaa, za konsesio, kubwa kama mangumi. Papa Mashauri alitoa nafasi mu kamio, ile lori ya rafiki yake, na akakaa juu ya magunia kama sisi wote. Ilikuwa magunia matatu.

Kule Kirotshe kilio ilikuwa kubwa, kilio ya watu wakubwa, na mahema na viti vya plastiki. Ku kiingilio dada ya Papa Mukubwa alikuwa na kaye, ile daftari, anaandika nani alileta nini. Wenye walikuwa mbele yetu walileta maanvelope, bahasha za pesa. Tulipoweka magunia chini, akatuuliza aandike nani.

«Andika: watu wa kopeki,» nikasema.

Papa Mukubwa alikuwa amekaa karibu, juu ya mukeka, kichwa chini. Alisikia. Akasimama, akakuja, na nilimuona amekonda.

«Mama,» akasema kwa sauti ya chini, «ile ya kwenu sijaisahau. Kuna komisio yenye kuisoma. Nilisema hata juma lenye limepita. Lakini leo, Mama, mama yangu…»

«Papa, usiogope. Hatukuja kudai. Tulikuja kurudisha.»

«Kurudisha nini?»

«Yenye ulitia mu beseni yetu. Ile pesa ilikuwa mbegu. Hii njo matunda yake.»

Aliangalia magunia. Hakukuwa na protokole karibu yake siku ile, wala karatasi ya kusoma. Nikamugeukia dada yake, maana alikuwa bado ameshika bik, ile kalamu, juu, anangoja.

«Andika magunia matatu ya birayi. Na chini yake andika: upande wa raia, deni imekwisha.»

Dada alimuangalia kaka yake. Papa Mukubwa akamuchukulia bik mu mukono, akainama juu ya kaye, akaandika yeye mwenyewe, yote, vile nilisema, na akapiga mustari chini. Sisi tukavua viatu, tukakaa ku mukeka pamoja na wengine, tukamulilia mama yake, kwa sababu yule alikuwa amekufa kweli.